Nani Atalipia Somo la Rangi na Kabila?

Mwaka 2029 vyuo vikuu vya Kenya vinatarajiwa kupokea wanafunzi wa kwanza waliopitia mtaala wa umilisi. Kabla ya hapo, idara nyingi zitalazimika kuandika mitaala yao upya. Kamati zitaketi, rasimu zitachapwa na posho za vikao zitalipwa, tutake tusitake. Kwa hiyo mjadala wa kozi mpya umekwisha kuwa wa bajeti: ni masomo gani yataingia humo, na nani atagharamia yale yasiyo na mwenyewe?

Somo la rangi na kabila ni mojawapo. Mitaani linazungumzwa kila siku, kwenye matatu, kwenye matanga, na zaidi uchaguzi ukikaribia. Chuoni limegawanywa vipande vipande. Historia ina kipande chake, sosholojia chake, sayansi ya siasa na fasihi vivyo hivyo, na mwanafunzi wa uhandisi au uhasibu anaweza kuhitimu bila kukutana na hata kimoja. Wengi husema sababu ni ukosefu wa pesa. Makala haya yanadai vingine: pesa za somo hili zimekuwapo mara nyingi, ila huja baada ya damu kumwagika, huja kwa jina lisilo lake, na huondoka kabla mtaala haujakomaa. Mahali pa kulithibitisha hilo ni mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambako rangi na kabila vilipangiwa nyumba na serikali.

Ushahidi uko Jogoo Road

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alikagua miji ya Afrika Mashariki na kupendekeza wakazi watenganishwe kwa rangi, akitoa hoja ya afya. Wazungu walikuwa wameshika miinuko ya magharibi, na Waafrika wakasukumwa mashariki, ng'ambo ya mto na reli. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake walielekezwa Shauri Moyo.

Sera iliyotawala ilikuwa kwamba Mwafrika ni mpita njia mjini. Kwao ni rizavu. Mjini amekuja na kipande chake, yaani kitambulisho, kufanya kazi, ikiisha arudi. Ndiyo maana nyumba nyingi za mwanzo zilijengwa kwa wanaume waliohesabiwa kuwa makapera, chumba kimoja watu watatu au wanne, kila mtu na kitanda chake. Mtu wa namna hiyo akiugua, nani atamuuguza? Akifa, nani atasafirisha maiti? Serikali ya mji haikuwa na jibu, na pengo hilo likazibwa na vyama vya watu wa nyumbani. Hivyo kabila la mjini halikuletwa lote kutoka kijijini likiwa limekamilika. Sehemu yake kubwa ilitengenezwa hapa hapa na sera ya nyumba na mishahara, ikiwa ndani ya mpaka mkubwa zaidi wa rangi. Mwanafunzi akilielewa hilo ameelewa nusu ya somo.

Nusu ya pili inapatikana ukitembea tu mitaa ya Jogoo Road. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa mchango wa mateka wa vita wa Kiitaliano, ilikuwa jaribio la kumkubali Mwafrika aishi mjini na familia yake: nyumba ndogo za mawe, paa za vigae, uwanja wazi, na ukumbi katikati ambako siasa za miaka ya 1950 zilichemka. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji katika Operesheni Anvil, msako wa wapigania uhuru, likawachambua wakazi kwa kabila. Zaidi ya watu 20,000, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipelekwa kizuizini. Bahati na mitaa ya jirani bado ina wazee waliozaliwa katika kivuli cha msako huo.

Yatazame na majina yenyewe. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952, mtu wa ukoo wa Freretown, ule wa watumwa walioachiwa huru Mombasa, uliotuachia pia kitabu Uhuru wa Watumwa. Ofafa Maringo na Ofafa Jericho zimebeba jina la Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union, aliyeuawa 1953. Ndani ya mwendo wa miguu una historia ya utumwa wa pwani, vyama vya kikabila na vita vya uhuru, nayo imeandikwa kwenye vibao ambavyo makondakta huvitaja kila siku bila kujua ni majina ya nani.

Ukivuka kwenda Eastleigh unakuta kisa kinachovunja dhana kwamba rangi na kabila ni vitu viwili visivyogusana. Miaka ya 1930 Wasomali wa Isaaq nchini Kenya walikataa kodi waliyopangiwa na serikali. Walidai walipe kodi kubwa zaidi, ile ya Waasia, kwa sababu ndani ya dola la rangi kiwango cha kodi kilikuwa kiwango cha haki. Aprili 2014, katika Operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na baadhi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani wakati nyaraka zao zikikaguliwa. Kati ya visa hivyo viwili ni miaka karibu themanini, na swali la afisa ni lile lile: wewe ni nani kisheria?

Vitabu vipo, ila vimelipiwa mbali

Haya yote si siri. Luise White aliandika juu ya wanawake wa Nairobi ya kikoloni, Pumwani wakiwemo, katika kitabu cha 1990. Keren Weitzberg alichapisha utafiti wake juu ya Wasomali wa Kenya mwaka 2017. Chege Githiora alitoa kitabu juu ya Sheng mwaka 2018 akiwa mwalimu wa SOAS, London. Constance Smith aliandika kitabu kizima chenye kiini chake Kaloleni, kikatoka 2019. Ni kazi nzuri, za watu waliokaa na wenyeji wakawasikiliza. Lakini ukiangalia walikofundisha wengi wao na mashirika yaliyozichapa, utaona kwamba utaalamu wa Eastlands umejengwa zaidi kwa fedha za vyuo na wachapishaji wa ng'ambo. Aliyesimulia yuko Majengo, Pumwani, na kitabu kinauzwa kwa pauni.

Ujuzi wa aina hiyo una bei yake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari ya kikoloni pauni milioni 19.9. Kesi ile ilisaidiwa sana na ushahidi wa wanahistoria Caroline Elkins, David Anderson na Huw Bennett, waliofukua nyaraka za kikoloni. Wanaosema elimu ya aina hii haiingizi chochote wafikirie hesabu hiyo. Na wanaoipenda wajiulize kwa nini ujuzi uliobeba kesi ya Wakenya ulitoka kwa walioajiriwa Marekani na Uingereza.

Mifuko mitatu, na mmoja uliosahaulika

Mfuko wa kwanza ni wa serikali. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho kimebaki kwenye karatasi. Mfumo wa ufadhili wa vyuo uliozinduliwa Mei 2023 unafuata mwanafunzi mmoja mmoja, kwa ruzuku na mkopo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, na vuta nikuvute ikaendelea katika Mahakama ya Rufani. Kwa mjadala wetu jambo muhimu ni moja. Pesa zikimfuata mwanafunzi, digrii yenye wanafunzi wachache hufa. Anayependekeza digrii nzima ya masomo ya rangi na kabila, yenye mkuu wa idara na mlango wake, anaomba chuo kilichozama kwenye madeni kifungue duka lisilo na wateja.

Mfuko wa pili ni karo ya wanaojilipia. University of Nairobi ilianza mpango huo mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi ndio uliotia mafuta kwenye injini za vyuo. Udanganyifu wa mitihani ulipobanwa mwaka 2016, waliopata C+ na zaidi katika KCSE walikuwa 88,929 tu. Karibu wote wakapata nafasi za serikali, na chemchemi ya wanaojilipia ikapungua. Zaidi ya hapo, mzazi anayelipa kwa jasho lake anauliza kwanza habari za kazi.

Mfuko wa tatu ni wa wafadhili, na hapa ndipo jina linapobadilika. Mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, baadhi yao Mathare, Huruma na Kariobangi, fedha za nje ziliingia kwa wingi. Ziliingia kwa jina la amani, utangamano na utawala bora. Chuo chenye programu ya amani na migogoro kilikuwa na mlango wa kubisha. Aliyeandika ombi juu ya kabila kama kitu cha kuchunguzwa tangu lilipotengenezwa alilazimika kuliviringisha ndani ya blanketi la amani. Masomo ya amani yana faida yake. Ila yanauliza jinsi ya kuzuia watu wasipigane, na swali la nani aliyechora mstari kati yao, lini na kwa faida gani, linabaki pembeni.

Tena pesa za wafadhili hupenda mwanzo. Zitalipia warsha ya siku tatu Naivasha, mshauri, na ripoti yenye nembo. Hazilipii mhadhiri wa muda katika muhula wa saba, wakati ambapo mtaala umeanza kuonyesha nyufa na unahitaji kurekebishwa. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipovunjwa, miradi mingi Kenya ilikatika ghafla. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mitaala haina kinga.

Mfuko wa nne hautajwi kwenye mikutano: tume za uchunguzi. Tume ya Akiwumi juu ya mapigano ya kikabila, Ndung'u juu ya ardhi, Kriegler na Waki juu ya uchaguzi wa 2007, kisha Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhi ripoti yake 2013: zote zililipiwa na umma, au kwa kushirikiana na wahisani, ili kujibu maswali haya haya. Kwa hiyo Kenya imekwisha kugharamia vitabu vyake vya kiada juu ya kabila. Imevigharamia maiti zikiwa zimezikwa, kisha ikaviweka kabatini. Kuziingiza ripoti hizo kwenye orodha ya usomaji wa mwaka wa kwanza hakuhitaji mfadhili yeyote.

Waliotangulia wanafundisha nini

Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong walitoa waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe, na mahali pake iwekwe idara inayoanzia Afrika. Mara nyingi tunaukumbuka waraka ule kwa ujasiri wake. Tuutazame kwa jicho la mhasibu pia: ulipendekeza kubadilisha kitovu cha kilichokuwapo. Nafasi za kazi na wanafunzi vilikuwapo tayari. Mageuzi makubwa ya mtaala katika historia ya chuo kile hayakungoja ruzuku maalumu ili yaanze.

Mfano wa pili ni wa UKIMWI. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa, na baadaye somo lake likawa la lazima kwa wanafunzi wapya katika vyuo vingi vya umma. Halikuhitaji digrii mpya. Lilipandishwa juu ya wanafunzi waliokwisha kusajiliwa. Udhaifu wake unajulikana kwa kila aliyelipitia: ukumbi wa mamia, maelezo yale yale kutoka kwa mwaka uliotangulia, mtihani wa kukariri. Funzo lina pande mbili. Taifa likikubali kwamba jambo ni janga, vyuo hupata nafasi kwenye ratiba. Na nafasi bila walimu waliolipwa huzaa somo la kupita tu.

Nje ya Kenya, mgomo wa wanafunzi wa San Francisco State ulioanza Novemba 1968 ulizaa chuo cha kwanza cha masomo ya jamii zilizobaguliwa nchini Marekani. Mwaka uliofuata Ford Foundation ilianza kutoa fedha kwa programu za masomo ya watu weusi. Mwanazuoni Noliwe Rooks ameonyesha katika kitabu chake cha 2006 jinsi fedha hizo zilivyozifungulia njia idara hizo na wakati huo huo kuzielekeza zifanane na matakwa ya mtoaji. Zilizosimama imara zaidi ni zile zilizoingia kwenye bajeti ya kawaida. Mwaka 2020 California ilikwenda mbali zaidi kwa kupitisha sheria inayomtaka kila mhitimu wa mfumo wa California State University asome somo la aina hiyo. Jambo likishakuwa sharti la kuhitimu, mkuu wa chuo hawezi kulifuta kimyakimya mwaka wa njaa.

Makerere kuna mfano wa jirani. Mahmood Mamdani alipoongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya chuo hicho kuanzia 2010, alianzisha programu ya uzamivu yenye mafunzo ya darasani, akikataa Waafrika wawe wakusanya data wa miradi ya wengine. Utambuzi huo ni sahihi na unaihusu Eastlands moja kwa moja. Lakini uzamivu ni ghorofa ya juu. Kijana wa mtaa wa Umoja anayesomea ununuzi na ugavi hatafika huko.

Pingamizi tatu

Ya kwanza: kulifundisha kabila ni kulichochea. Kenya imelijaribu jibu la kunyamaza. Mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA na Luo Union zikaondoka, na timu ya Abaluhya ikawa AFC Leopards, herufi zikielezwa kuwa za wanakandanda wote. Mashabiki wake waliendelea kujua timu ni ya nani. Mapigano ya kikabila ya 1992 na 1997 yakaja hivyo hivyo, majina yakiwa safi.

Ya pili ni nzito zaidi: nani atafundisha? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na ukaguzi wa tume husika umewahi kuonyesha vyuo vingi vikiwa mbali na lengo hilo. Septemba 2016 viongozi wa Uasin Gishu waliandamana hadi Moi University kupinga kuteuliwa kwa Laban Ayiro kukaimu ukuu wa chuo, wakitaka mtu wa eneo hilo. Chuo kinachogawana vyeo kwa kabila kitafundisha vipi kabila kwa haki? Jibu langu ni kwamba kianze na chenyewe. Takwimu za ajira za chuo ziwe sehemu ya somo, na kila kundi lifundishwe na walimu wawili wenye asili tofauti. Hilo lina gharama, na linapaswa kuandikwa kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni ajira. Mhitimu wa digrii nzima ya somo hili angehangaika, kweli. Muuguzi, afisa ardhi, karani wa vitambulisho na askari polisi aliyesoma saa 45 za somo hili anabaki na taaluma yake, na ndiye atakayekaa dirishani kuamua nyaraka za nani zinatosha.

Kidogo cha kudumu

Hoja hizo zinaelekea mahali pamoja. Kenya inahitaji somo moja la lazima, saa 45, kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, litakaloingia kwa kuchukua nafasi ya saa zilizopo wakati huu ambapo mitaala inaandikwa upya. Gharama za vikao, seneti na ukaguzi wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zitakuwa zimekwisha kulipwa na mageuzi yenyewe. Kipya kitakachobaki ni mishahara ya walimu na kazi ya nyanjani.

Kazi hiyo ya nyanjani ina mwenyeji kisheria. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali kuu vyuo vikuu, na kaunti maktaba na makumbusho. Kaunti ya Nairobi ina maktaba Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 na kubaki ya Wazungu pekee hadi 1958. Shirika la Book Bunk, lililoasisiwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na kaunti kuzifufua. Jengo lililomfungia Mwafrika mlango kwa miaka 27, na matawi yake yaliyo katikati ya mitaa aliyopangiwa, ni maabara kamili. Wanafunzi wahoji wakazi na kuacha nakala za kanda kwenye maktaba ya mtaa, zisiishie kwenye flashi ya mhadhiri. Mzee anayewatembeza Shauri Moyo kwa saa tatu alipwe kama mhadhiri wa muda anavyolipwa, na alipwe siku hiyo hiyo. Hili lina haraka: mtaa wa zamani wa nyumba za kaunti huko Pangani, si kile kijiji cha miaka ya 1930, umekwisha kubomolewa kupisha ghorofa, na mitaa mingine ya kaunti imo kwenye mipango ya nyumba mpya.

Wafadhili wana nafasi yao, ila baada ya chuo kuweka shilingi yake. Ruzuku zilipie vitu vinavyobaki mfadhili akiondoka: kuhifadhi nyaraka kidijitali, kutafsiri utafiti uliopo kwa Kiswahili, kuandika kitabu cha kiada, kusomesha walimu. Mishahara na uamuzi wa nini kifundishwe vibaki kwenye bajeti ya kawaida, na mkataba wa kila ruzuku uwekwe wazi kwa wanafunzi wausome. Chuo kisichoweza kutenga hata sehemu ndogo ya fedha zake kwa somo hili kisiombe kabisa, kwa sababu kitapata warsha, kikose somo.

Tukiliacha jambo hili, haimaanishi kwamba hatutalipa. Tutalipa kama tulivyozoea: tume, mawakili, magodoro ya wakimbizi wa ndani, na ripoti nyingine nene. Somo la lazima halizuii uchaguzi kuharibika, na anayeahidi hivyo anadanganya. Linachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba anayekaa kwenye ofisi ya umma amewahi kusoma, kwa ushahidi, jinsi mpaka kati yake na jirani yake ulivyochorwa na nani alinufaika. Hilo ni lengo la kiasi, linalingana na kiasi cha pesa tulichonacho, na wakati wa kuliandika kwenye bajeti ni kabla ya 2029.